Jinsi ya kupata mgahawa mzuri, uliotulia na usioumiza mfuko katikati ya Dar (Posta, Kisutu na jirani)

Swali hili naulizwa kila wiki, wanaouliza hawafanani ila swali ni lile lile. Kijana wazazi wa mchumba wake wanakuja mjini, dada ana mteja wanataka kukaa waumalize mkataba, mwingine kamleta mama yake kliniki Muhimbili na wana masaa matatu ya kusubiri, wote wanasema hivi, "Kaka, pale mjini kuna sehemu gani nzuri ya kula, iliyotulia, ambayo haitanimaliza?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike mara moja, vizuri, kila mtu ajisomee.

Naongelea mjini kabisa, yaani Posta, Kisutu, Mnazi Mmoja mpaka Kivukoni, na kile kipande cha Upanga kilichopakana na mjini. Masaki na Mikocheni siongelei, huko kuna watu wanakujua zaidi yangu.

Na sitakupa orodha ya majina. Najua ndo wengi mnachotaka, lakini mgahawa unabadilisha meneja, meneja mpya anafunga spika mbili ukutani na tivii kubwa, kwisha habari, na wewe uliyeelekezwa miezi sita iliyopita unamfikisha mgeni wako kwenye disko. Nataka ujue kutafuta mwenyewe ili hata mwakani usinihitaji.

Aliyenifundisha haya ni mzee wangu. Sikio lake la kushoto halisikii kabisa, la kulia linasikia nusu. Siku aliyostaafu tulimpeleka watoto wote sita kwenye mgahawa mmoja hapo mjini, kwenye simu picha zake zilikuwa nzuri sana, viti vya ngozi, glasi zinang'aa. Hatujamaliza hata kuagiza umeme ukakatika, jenereta likawashwa, na jenereta lenyewe lilikuwa nyuma ya ukuta wa meza yetu, unahisi mtetemo kwenye kijiko. Mzee alikula chakula chake chote anatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Tuko kwenye gari tunarudi akaniuliza taratibu, "Hivi dada yako alikuwa anasema nini pale aliposimama?" Dada alikuwa anamshukuru yeye, kwa kutusomesha. Tangu siku hiyo simpeleki mtu sehemu ambayo sijaikagua kwa masikio yangu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu yenye bando na ramani, Google Maps inatosha
- Salio la kupiga, maana utapiga simu, meseji peke yake haitoshi
- Buku tano mpaka kumi ya kwenda kukagua (chai na kitafunwa, au soda)
- Lisaa limoja la kuzurura mjini
- Idadi kamili ya watu, sio "tutakuwa kama wanne watano hivi"
- Majibu ya maswali mawili: kuna mtu ana masharti ya chakula (halali tu, hali nyama, sukari, presha)? Na kuna mtu ngazi zinamsumbua au hasikii vizuri?

Hilo swali la mwisho watu wanaliruka, alafu mnafika mgahawa uko ghorofa ya tatu na lifti imekufa na mama ana goti.

Hatua ya 1. Panga hela kwa kichwa kimoja

"Bei ya kati" kila mtu ana yake kwahiyo tukubaliane kwanza. Kwa mama ntilie sahani ya wali maharage na samaki unaipata kwa elfu tatu nne hivi, na kwenye hoteli kubwa za kitalii supu peke yake inaweza kukaribia hela ya familia nzima. Mimi bei ya kati naiweka kati ya 15,000 na 35,000 kwa mtu mmoja, chakula na kinywaji kisicho pombe. Ukiwa chini ya hapo utakula vizuri sana tu lakini utulivu ni wa kubahatisha kwasababu mgahawa wa bei ya chini unaishi kwa kugeuza meza haraka, hawawezi kukuacha ukae masaa mawili na chai moja, na usiwalaumu.

Sasa angalia hapa. Menyu zingine chini kabisa kwa maandishi madogo zimeandika bei haijajumuisha VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani. VAT huku bara ni asilimia 18. Biriani ya kuku 18,000 na juisi 5,000 ni 23,000, ukiongeza VAT inakuwa 27,140. Watu wanne umetoka 92,000 ukafika 108,560. Hizo elfu kumi na sita ndo zinakufanya uombe mgeni akuongezee mbele ya watu. Sehemu zingine wanaweka na hela ya huduma juu yake. Kwahiyo ukishapata jumla yako ongeza robo, ikibaki ni nauli.

Onyo: usiamini picha ya menyu uliyoikuta mtandaoni bila kuangalia imewekwa lini. Ya miaka miwili nyuma ni kama hujaona kitu.

Hatua ya 2. Chagua mtaa kwanza, mgahawa baadae

Hapa ndo wengi wanakosea, wanaanza na jina la mgahawa. Anza na mtaa, mtaa ukiwa na fujo mgahawa utafunga madirisha weee lakini honi zitaingia tu.

Samora na Sokoine Drive, ukiwa chini kwenye usawa wa barabara na milango iko wazi, sahau. Magari, honi, wauza korosho, wauza miwani. Mgahawa wa pale pale ukiwa ghorofani au umeingia ndani kwa uchochoro unaweza kuwa umetulia kabisa, nilishangaa mwenyewe mara ya kwanza, hatua ishirini tu kutoka barabarani na unasikia kijiko kikigonga kikombe. Kwahiyo Samora usiifute, ila tafuta zilizojificha.

Kisutu na mitaa yake, Indira Gandhi, Jamhuri, Zanaki, Libya, Chagga, hapo ndo moyo wa bei ya kati, mimi nikiambiwa nichague mtaa mmoja tu nachagua huku. Chakula cha Kihindi kipo, cha Kiswahili kipo, na karibu na Mtaa wa Kisutu penye mahekalu ya Wahindu utapata sehemu za mboga tupu wanaokupa ile sahani kubwa ya chuma yenye vibakuli vya dengu, viazi, maziwa mgando, achari, na mara nyingi wanapita kukuongezea. Kama una mgeni asiyekula nyama umemaliza kazi. Alafu migahawa mingi ya huku haiuzi pombe, na hilo lina maana kubwa kuliko unavyodhani, jioni kwenye mgahawa usio na pombe unakuta familia, wazee, watoto, hakuna meza inayopandisha sauti kila baada ya nusu saa.

Ila tofautisha. Zile kona za kuku wa kuchoma na mishkaki zinazoweka meza nje jioni ni tamu sana, moshi, ukwaju, chapati ya moto, nazipenda kwa moyo wote, lakini bodaboda zinapita nyuma ya kiti chako na oda zinaitwa kwa kupaza sauti. Hizo nenda na washkaji. Wakwe usiwapeleke huko.

Upande wa Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Mimea, yaani Mtaa wa Shaaban Robert na vimtaa vyake, una miti, una ofisi, magari ni machache. Migahawa ni michache pia, lakini ukipata hapo umepata. Angalia tu mchana, wanafunzi wa chuo cha IFM wakitoka darasani zile sehemu za bei nafuu zinajaa ghafla.

Upanga, ukivuka Barabara ya Bibi Titi. Huku kuna nyumba za zamani zimegeuzwa migahawa, zina uwanja, zina miembe, meza ziko mbalimbali. Kwa mazungumzo marefu hakuna kama Upanga. Chakula kinachelewa kidogo kuliko Kisutu, kubali tu.

Kivukoni kuna upepo wa bahari na mandhari, ila ukikaribia Feri na soko la samaki ni msongamano muda wote. Kariakoo sijaiweka kabisa. Chakula kizuri Kariakoo kipo, utulivu masaa ya biashara haupo, usijitese.

Mgeni wako akija kwa mwendokasi mwambie ashuke kituo cha Kisutu au Posta ya Zamani, kutoka hapo sehemu nyingi nilizotaja ni kutembea tu. Wa gari mwambie mapema kwamba parking mjini mchana ni mtihani, aje na nusu saa ya ziada.

Hatua ya 3. Chagua saa, hii ina nguvu kuliko jina la mgahawa

Mgahawa mmoja ni migahawa minne kutegemea saa. Mjini ofisi zote zinatoka kula saa saba, kati ya saa saba na saa nane hata sehemu iliyotulia kuliko zote inakuwa kama stendi. Ukiweza vuta muda mpaka saa nane na nusu. Kuanzia hapo mpaka saa kumi na moja mjini panakuwa pazuri ajabu, wahudumu wamepumua, feni inasikika. Hatari yake ni moja, pilau na samaki vinakuwa vimeisha, kwahiyo ukipiga simu waombe wakuwekee.

Kwenda mapema saa tano na nusu sishauri, jikoni wengi hawajawa tayari utajibiwa "bado bado" kwa kila unachosoma.

Jioni ofisi zikifungwa watu wanakimbilia makwao na mjini panakuwa kimya haraka. Kuanzia saa moja mpaka saa tatu ni muda mzuri wa kula Kisutu au Upanga. Ukimaliza itia gari mlangoni, usitembee na simu mkononi kwenye mitaa iliyokwisha watu.

Siku nazo zina mambo yake:

Ijumaa mchana karibu na misikiti, swala inaanza, sehemu zingine zinasimama kidogo, alafu watu wakitoka wote wanataka biriani kwa wakati mmoja. Biriani ya Ijumaa ni nzuri kweli ila nenda saa tisa na uwe umeagiza.

Jumapili mjini pamelala. Utulivu upo wa kutosha lakini migahawa mingi inayotegemea watu wa ofisini imefunga. Usiende Jumapili bila kupiga simu.

Ramadhani mchana sehemu nyingi za Kisutu zinafungwa au zinafunga mapazia, na magharibi zinafurika watu wa kufuturu. Kama nia ni kuongea, nenda baada ya futari kupungua, kama saa mbili na nusu.

Siku ya Simba na Yanga ahirisha, nasema kwa nia njema kabisa. Penye tivii patalipuka na pasipo na tivii mhudumu ana redio jikoni. Jumamosi jioni na mechi za Uingereza hivo hivo kwa sehemu zenye skrini.

Kosa la saa: mgeni wa kutoka nje ukimwandikia "saa 1" anaweza kuelewa saa saba mchana. Mwandikie saa moja jioni, na kama anatumia saa ya Kizungu muwekee 19:00 pembeni. Nimeshamkuta mtu amekaa masaa sita ananisubiri, alikuwa mpole lakini mimi niliumia.

Hatua ya 4. Soma ramani kama mpelelezi

Fungua Google Maps, sogeza mpaka kwenye mtaa uliouchagua, tafuta migahawa. Usianze na nyota. Nyota zinaongelea chakula, huduma, na mtu aliyefurahi siku ya bethdei yake. Fanya hivi:

Angalia picha zilizowekwa na wateja, achana na za mwenye mgahawa. Na usiangalie sahani, angalia nyuma ya sahani. Kuna tivii ngapi ukutani? Kuna spika kwenye kona za dari? Kuna jukwaa au meza ya DJ? Meza zimeachana kiasi gani?

Angalia sakafu na kuta. Marumaru chini, vioo pande zote, dari ya zege, basi sauti inagonga na kurudi, watu ishirini wanasikika kama sitini, alafu kila mtu anapandisha sauti ili asikike na mwenzake naye anapandisha. Mapazia, makuti, mbao, mikeka, viti vyenye matakia, uwanja wa wazi wenye miti, hivyo vinameza sauti. Hiyo tu ndo nadharia unayohitaji.

Tafuta ndani ya maoni maneno kama kelele, muziki, bendi, karaoke, kimya, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza maana wengi wanaandika Kiingereza. Soma ya miezi ya karibuni. Mimi napenda sana wanaotoa nyota tatu, huyo kapenda chakula ila kuna kitu kimemkera na anakisema.

Angalia ule mchoro wa saa zenye watu wengi. Ukiona nguzo ndefu saa saba alafu inashuka, huo ni mgahawa wa ofisi, saa tisa utakuwa wako. Ukiona nguzo zinapanda saa tatu usiku mpaka saa sita, hiyo ni baa yenye chakula.

Baki na sehemu tatu, zaidi ya hapo utachoka.

Hatua ya 5. Piga simu

Piga saa nne asubuhi au saa kumi jioni, sio saa saba wakati wana moto. Na usiulize "pametulia?", kila mtu atakwambia pametulia kaka karibu sana. Uliza vitu vinavyojibika. Mimi huwa inaenda hivi:

"Habari za kazi dada, naomba kuuliza, Alhamisi jioni mnakuwa na muziki?"
"Upo kaka, wa taratibu tu."
"Wa spika au wa bendi?"
"Bendi ni Ijumaa na Jumamosi, siku nyingine tunaweka spika."
"Sawa. Nina mzee wangu hasikii vizuri, mnaweza kunipa meza iliyo mbali na spika?"
"Ngoja nimuulize meneja... Ndio kaka, kuna ya ndani kule kwenye pazia."

Umeona, kwa maswali matatu nimepata siku ya bendi, nimepata meza, na nimejua kama ni watu wa kusikiliza. Ukimtaja mzee au mama watu wanajitahidi zaidi, na kama ni kweli unaye mtaje, usitunge.

Ongeza na haya: VAT imo kwenye bei? Umeme ukikatika jenereta liko upande gani? Hilo la jenereta wanashangaa kidogo ila wanajibu. Mnapokea Lipa Namba au kadi? Kuna ngazi?

Hatua ya 6. Nenda ukakague, saa ile ile utakayoitumia

Hatua hii usiiruke kama shughuli ni kubwa. Mgahawa wa saa nne asubuhi haukwambii chochote kuhusu saa mbili usiku.

Ingia, kaa, agiza chai ya maziwa na sambusa. Ukikaa usishike simu dakika tano za kwanza. Sikiliza. Utasikia vitu kimoja kimoja: friji la soda linanguruma, mlango wa jikoni unapigwa kila anapotoka mhudumu, blenda ya juisi inasaga embe au parachichi, feni ina mlio. Blenda ndo adui mkubwa wa migahawa ya mjini na hakuna anayeitaja. Ikiwa kaunta ya juisi iko katikati ya ukumbi, kila baada ya dakika mbili mazungumzo yanasimama, tafuta sehemu nyingine au meza ya mbali kabisa.

Ukitaka namba, zipo programu za bure za kupima sauti kwenye simu. Sio sahihi sana ila zinatosha kulinganisha. Mazungumzo ya kawaida ni karibu desibeli 60. Ukumbi ukikaa 60 mpaka 68 mtaongea vizuri. Ukipita 75 mnaanza kuinamiana, ukifika 80 mmekuja kula tu. Kumbuka kupanda kwa desibeli 10 sikioni ni kama sauti imekuwa mara mbili, kwahiyo tofauti ya 65 na 75 sio ndogo.

Nenda chooni. Choo kisafi na chenye maji saa ile ya watu wengi kinakwambia jikoni kukoje. Angalia meza ya pembeni wamesubiri chakula muda gani. Omba kuona menyu, piga picha ukurasa wa bei, lipa, chukua risiti ya mashine, utaona kama VAT imeongezwa juu au ilikuwemo.

Na onja. Watu wanapata utulivu wanasahau chakula. Kama sambusa imekaa tangu asubuhi na mafuta yananuka, usitegemee samaki.

Hatua ya 7. Chagua meza, na itaje

Ukiwa pale pale kwenye ukaguzi tembea kidogo uone meza. Unataka kona yenye ukuta nyuma, mbali na mlango wa jikoni, mbali na kaunta, isiwe chini ya spika wala mbele ya tivii, na isiwe njia ya kwenda chooni. Ya dirishani inavutia macho ila kama chini kuna barabara ndo yenye kelele kuliko zote.

Ukiipata usiseme "niwekee meza nzuri". Sema "ile ya pili kutoka dirishani, yenye kiti kirefu, Alhamisi saa moja jioni, watu watano", mwache aandike jina na namba yako mbele yako. Siku yenyewe mchana piga tena kukumbusha.

Hatua ya 8. Siku yenyewe

Fika robo saa kabla. Msalimie mhudumu, uliza jina lake, mwambie mna mazungumzo au mna mzee, mwombe apunguze muziki sasa kabla ukumbi haujajaa, kupunguza wakati hakuna watu ni rahisi kuliko baadae. Kama tivii haina anayeiangalia mwombe aizime sauti.

Vyakula vinavyochukua muda, samaki wa kuchoma, kuku mzima, viagize ukifika au hata kwa simu. Meza ikichelewa chakula mazungumzo yanageuka kuwa "chakula vipi" kila baada ya dakika tano.

Mkishiba mkitaka kuendelea kukaa, agiza chai au kahawa kwa wote. Umewaheshimu wale wanaokupa kiti na hawatakuletea bili kabla hujaiomba. Na kama mhudumu kakuhangaikia mpe chochote mkononi mwake, utamkuta tena.

Hatua ya 9. Andika

Ukirudi nyumbani andika kwenye simu: mtaa, siku, saa, meza ipi, bili ilikuwa ngapi kwa watu wangapi, nini kilikuwa kizuri, jina la mhudumu. Mistari minne tu. Mimi ninazo sehemu saba nilizoziandika hivo, na kila baada ya miezi mitatu napita kunywa chai kuona kama bado ni zile zile. Mbili nimeshazifuta mwaka huu.

Ukikwama

*Mmefika muziki uko juu na wanakataa kupunguza.* Omba kuhama meza kwanza, mita tano zinasaidia. Ikishindikana kunyweni soda mlipe mwondoke, usilazimishe kwasababu ya aibu. Ndo maana unabaki na sehemu tatu kwenye ile hatua ya nne, ya pili iwe ya kutembea kwa miguu kutoka ya kwanza.

*Meza yako kapewa mtu mwingine.* Usigombane na mhudumu, mwite meneja, mtajie jina la aliyeandika na siku. Kama umekuja robo saa kabla una muda wa kupangiwa nyingine wageni hawajafika.

*Umeme umekatika na jenereta liko karibu.* Hamia upande wa pili wa jengo mara moja, usisubiri urudi. Kwenye mgahawa wa Upanga wenye uwanja toka nje kabisa.

*Jirani wanachimba, wanajenga.* Mjini ujenzi hauishi. Mafundi wengi wanashusha vifaa jioni kwahiyo hamisha miadi iwe ya usiku, au vuka mitaa miwili.

*Bili imekuja kubwa kuliko hesabu.* Omba ioneshe kitu kimoja kimoja, pitia taratibu, mara nyingi ni maji mliyowekewa mezani bila kuomba, au VAT. Kama kuna kosa lionyeshe kwa kidole bila kupandisha sauti. Watarekebisha.

*Huna muda wa kukagua, mgeni kakupigia sasa hivi.* Kama ni siku ya kazi saa nane imeshapita, nenda Kisutu, tafuta mgahawa usio na tivii ukutani na wenye watu wazima wanaokula peke yao wakisoma gazeti au simu. Kaa ndani nyuma, sio barazani. Mara nyingi utaokoka.

*Uliyenaye hasikii vizuri.* Mkalishe mgongo ukiwa ukutani ili kelele zisimtokee nyuma, na sikio zima liwe upande wa anayeongea sana. Mwanga uwe kwenye nyuso zenu sio nyuma yenu, anasoma midomo hata kama hasemi. Watu wasizidi wanne mezani, mkiwa wengi ongeeni mmoja mmoja. Mzee wangu sasa hivi tunaenda naye Upanga Jumatano saa tisa alasiri, meza ya chini ya mwembe, mimi nakaa kuliani kwake, anaagiza changu wa kupaka na chapati mbili, na anaongea yeye mpaka jioni.